Nani Huulizwa Kabla ya Mto Kuguswa? Sheria ya Ujenzi katika Ardhioevu na Hali ya Ozi, Delta ya Tana

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwasa mtu asishindane na mazoea ya watu, lakini kwa wakazi wa Ozi ni maelezo ya maisha yao ya kila siku. Ozi ni kijiji kilichoko karibu na mlango wa mto Tana, juu kidogo ya mji wa Kipini, katika eneobunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Wapenzi wa fasihi watakumbuka kwamba mapokeo ya Fumo Liyongo yanahusishwa sana na pwani hii ya Ozi, Shaka na Kipini, na kwamba kaburi linalodaiwa kuwa la shujaa huyo huonyeshwa Kipini. Mto wenyewe huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kwa hivyo, kila kinachotendwa juu ya mto, kiwe bwawa, tuta, mfereji au shamba kubwa, matokeo yake hufika Ozi.

Makala haya yanakusudia kueleza ni idhini zipi ambazo sheria ya Kenya inamtaka mtu azipate kabla ya kujenga au kuchimba katika ardhioevu na kando ya mito, na kwa nini sheria hiyo, ingawa imekamilika katika maandishi, huwafikia watu wa Ozi kwa shida. Tutadai kwamba sehemu moja ya shida hiyo ni ya lugha, na kwa hivyo inatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja.

Ozi na maji yake

Ni vigumu kuelewa sheria hii bila kwanza kuelewa jinsi maji yanavyofanya kazi katika delta. Wakulima wa Ozi, ambao wengi wao ni Wapokomo, wanajulikana kwa kilimo cha mpunga. Mpunga huo hautegemei mvua peke yake wala pampu. Bahari inapojaa, huyazuia maji baridi ya mto yasitoke, nayo huinuka na kuingia mashambani kupitia mifereji midogo. Bahari inapokupwa, maji ya ziada hurudi mtoni. Mkulima anatumia nguvu ya bahari kumwagilia shamba lake maji ya mto.

Utaratibu huu una sharti moja: mto uwe na nguvu ya kutosha kuyazuia maji ya chumvi yabaki chini. Maji ya mto yakipungua, bahari hupanda mtoni, na mfereji uliokuwa ukileta maji baridi hugeuka kuwa njia ya chumvi. Wakazi wa sehemu za chini za delta wamelalamika mara nyingi kuhusu chumvi inayoharibu mpunga na miembe na kuwakosesha maji ya kunywa. Kwao, kiasi cha maji kinachozuiwa au kugeuzwa huko juu ni suala la chakula.

Historia ya mto wenyewe inatufunza jambo hilohilo. Zamani Tana ulikuwa na mlango wake upande wa kusini, ilhali Ozi ulikuwa mto mdogo wa peke yake ulioingia baharini Kipini. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hii miwili. Baadaye maji ya Tana yaliufuata mfereji huo, yakaupanua, na hatimaye mlango mkuu wa Tana ukawa ni ule wa Ozi. Mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu ulihamisha mlango wa mto mkubwa kuliko yote nchini Kenya. Hakuna mfano bora zaidi wa kueleza kwa nini dola za kisasa humtaka anayechimba kandokando ya mto aombe idhini kwanza.

Aidha, katika karne ya 20 yalijengwa mabwawa ya umeme juu ya mto: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Yote haya yalitangulia sheria tunayoieleza hapa. Wakati wa kuyajenga, hapakuwa na sheria iliyomlazimu mjenzi kupima athari za ujenzi wake hadi mlangoni mwa mto.

Ardhioevu ni nini mbele ya sheria?

Sheria mama ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015. Ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo wengi huijua kwa jina la NEMA. Chini yake zimetungwa kanuni kadhaa, na zinazotuhusu zaidi ni Kanuni za Usimamizi wa Ardhioevu, Kingo za Mito, Fuo za Maziwa na Pwani za mwaka 2009.

Kanuni hizo zinaifafanua ardhioevu kuwa ni mahali panapofunikwa na maji daima au kwa msimu, ambapo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Humo mmejumuishwa vinamasi, kingo za mito, maeneo yenye maji ya chumvi na hata sehemu za bahari ambazo kina chake wakati wa maji kupwa hakizidi mita 6. Kipimo hiki cha mita 6 kimetokana na Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990. Mnamo Septemba 2012, Delta ya Tana, yenye hekta 163,600, iliandikishwa chini ya mkataba huo kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza kwa mara ya kwanza. Neno ardhioevu limeundwa kwa kuunganisha ardhi na kivumishi oevu, chenye maana ya kulowa. Msikilizaji wa kawaida akilisikia, hufikiria mahali palipolowa sasa, penye matete na vyura. Shamba la mpunga lililokauka mwezi Februari, au bonde ambalo ng'ombe wa Waorma huja kulishia wakati wa kiangazi, halimjii akilini. Mbele ya sheria, hata hivyo, mahali hapo ni ardhioevu vilevile, kwa kuwa kigezo ni kufurika kwa msimu. Ikiwa tangazo la mradi litasema kwamba ujenzi utafanyika katika ardhioevu bila maelezo zaidi, mwenye shamba kavu atadhani kwamba halimhusu. Neno hilo si baya. Ni istilahi safi iliyokwisha kuenea. Lakini istilahi ya sheria ikikosa ufafanuzi inaweza kumficha mtu haki yake.

Kwamba maana ya neno moja inaweza kuamua hatima ya eneo zima ni jambo lililodhihirika pia ughaibuni. Nchini Marekani, Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 humtaka mtu anayejaza udongo katika ardhioevu apate kibali cha serikali kuu, ambacho hutolewa na kikosi cha wahandisi wa jeshi la nchi kavu. Sheria hiyo inayalinda “maji ya Marekani”, na kwa miongo mingi watu walibishana iwapo maneno hayo yanajumuisha ardhioevu zilizotengana kidogo na mto. Mwaka 2023, katika kesi ya Sackett, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ardhioevu inayolindwa na sheria hiyo ni ile tu ambayo maji yake ya juu yameungana bila kukatika na mto, ziwa au bahari. Kwa tafsiri hiyo, maeneo mengi yaliondoka katika ulinzi wa serikali kuu, yakaachiwa sheria za majimbo. Fasili ya Kenya ni pana zaidi, kwani kufurika kwa msimu kunatosha. Lau delta ya Tana ingepimwa kwa kigezo cha Sackett, baadhi ya mabonde yake yanayofikiwa na maji wakati wa mafuriko pekee yangeweza kuachwa nje.

Idhini, leseni, kibali na ruhusa

Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya manne hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Katika suala letu ni vyema yatenganishwe, maana nyuma ya kila hitaji ipo ofisi yake. Tunapendekeza yatumiwe kama ifuatavyo.

La kwanza ni idhini. Kifungu cha 42 cha sheria ya 1999 kinamkataza mtu kufanya mambo kadhaa katika mto, ziwa, bahari au ardhioevu bila idhini ya maandishi itolewayo baada ya athari kutathminiwa. Mambo hayo ni pamoja na kujenga, kubadilisha au kubomoa jengo lolote. Kuchimba au kutoboa. Kuingiza mmea au mnyama mgeni. Kumwaga vitu vyenye madhara. Kuuziba mto au kuugeuza kutoka mkondo wake wa asili. Na kuikausha ardhioevu.

La pili ni leseni. Kifungu cha 58 kinamtaka mwenye mradi uliotajwa katika jedwali la sheria awasilishe kwa NEMA ripoti ya mradi, na inapobidi afanye tathmini kamili ya athari kwa mazingira, kabla ya kupewa leseni. Tathmini hiyo hufanywa na wataalamu waliosajiliwa. Tangu mwaka 2019, miradi imegawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya hatari yake: ndogo, ya wastani na kubwa. Kadiri hatari inavyozidi, ndivyo uchunguzi unavyozidi kuwa wa kina.

La tatu ni kibali cha maji. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa kibali kwa anayetaka kutumia maji ya mto kwa mradi, kukausha kinamasi au kumwaga uchafu majini. Anayeteka maji ya matumizi ya nyumbani bila kujenga mitambo hahitaji kibali. Mama wa Ozi anayejaza ndoo yake mtoni hana haja ya kwenda ofisini.

La nne ni ruhusa ya uendelezaji, ambayo hutolewa na serikali ya kaunti kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Zaidi ya hayo, pakiwa na mikoko, Shirika la Huduma za Misitu la Kenya lina kauli yake, kwa kuwa misitu ya mikoko nchini imekuwa chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka 1932.

Mtu mwenye karatasi moja kati ya hizi asidhani amemaliza. Leseni ya NEMA haimpi mtu maji, na ruhusa ya kaunti haimpi haki ya kuziba mkondo. Mwanakijiji anayeuliza iwapo mradi una “kibali” anaweza kujibiwa kwa ukweli kamili kwamba unacho, ilhali karatasi aliyoikusudia yeye haijatolewa.

Je, mkulima mdogo naye? Kanuni za 2009 zinatambua matumizi ya kujikimu, kama vile kuvuna mafunjo, matete na mitidawa, kuvua samaki na kuteka maji ya nyumbani. Hata hivyo, kifungu cha 42 kikisomwa neno kwa neno kinagusa jengo lolote na uchimbaji wowote katika ardhioevu, nacho kijiji kama Ozi kimezungukwa na ardhioevu pande zote. Mpaka kati ya mfereji wa mpunga wa babu na uchimbaji unaohitaji idhini unategemea ukubwa na madhara, na ni afisa ndiye huamua. Hii ni sababu nyingine ya kutaka sheria iwe katika lugha ambayo pande zote mbili zinaweza kuisoma na kubishana juu yake.

Mita ngapi kutoka ukingoni?

Swali linaloulizwa sana na anayetaka kujenga ni umbali. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kilimo na uendelezaji katika eneo la ukingo lenye upana sawa na wa mto wenyewe, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 nazo zilitaja mita hizohizo, lakini zikazihesabu kuanzia ukingo wa juu wa mto.

Jijini Nairobi tofauti hii inaweza kuwa ya hatua chache. Katika delta ni tofauti kubwa mno. Nchi ni tambarare, na mafuriko makubwa kama yale ya El Nino ya 1997 na 1998 yalifunika mashamba na vijiji. Tukianza kupima pale mafuriko yalipofikia, vijiji vizima vitakuwa ndani ya eneo lililokatazwa; tukianza kupima kwenye ukingo wa siku ya kiangazi, mradi mkubwa unaweza kukaa mahali ambapo maji yatapita mwaka ujao.

Isitoshe, mita si kipimo pekee cha ukingo. Waorma wana neno malka, yaani njia na mahali ambapo mifugo hufikia maji. Jengo linaweza kukaa mita 30 kutoka mtoni, likatimiza kanuni, na bado likaziba malka. Ugomvi wa kugombea ardhi na maji umekuwa chanzo kimojawapo cha uhasama kati ya wakulima na wafugaji; mapigano ya 2012 na 2013 yaligharimu maisha ya zaidi ya watu 100. Ni muhali, basi, kuitenga kanuni ya ukingo na amani ya wakazi.

Kuulizwa kwa lugha gani?

Kiini cha mfumo huu wote ni kwamba watakaoathirika waulizwe kabla. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kwamba wakati wa kufanya uchunguzi, mwenye mradi abandike matangazo mahali pa umma, achapishe tangazo gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji walau mara moja kwa juma kwa majuma mawili mfululizo, na afanye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Pia ziliagiza awepo mratibu wa kupokea na kurekodi maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Mwanafunzi wa Kiswahili azingatie hapo: tafsiri imetajwa ndani ya kanuni yenyewe. Zaidi ya hayo, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili.

Utekelezaji umekuwaje? Mwaka 2008 NEMA iliidhinisha mradi wa miwa wa takriban hekta 20,000 katika delta, uliopangwa na TARDA pamoja na Kampuni ya Sukari ya Mumias. Wapinzani walikwenda Mahakama Kuu mjini Malindi, wakapata amri ya kuusimamisha kwa muda, lakini shauri likakwama mwaka 2009 kwa sababu za kiutaratibu. Kesi nyingine ikafunguliwa Nairobi, na mnamo Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta itayarishwe kwa kuwashirikisha wenyeji wenyewe. Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Delta ya Tana ulikamilishwa katika miaka iliyofuata. Shamba lile la miwa halikupandwa.

Mfano wa pili unatoka kwa majirani wa Ozi upande wa kaskazini. Mwaka 2016 kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kando ya bahari huko Lamu. Mnamo Juni 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira liliifuta leseni hiyo. Mojawapo ya sababu kuu ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi, na baada ya ripoti kamili kutoka, wenyeji hawakuelezwa yaliyomo kwa namna ya kuwawezesha kutoa maoni. Mkutano ambao watu hawakuelewa kilichozungumzwa, mbele ya sheria, ni kama haukufanyika.

Ifahamike pia kwamba haki hii ina muda. Rufaa kwa Baraza hilo inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60. Ripoti ya tathmini aghalabu huwa ni kitabu cha mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu. Mzee wa Gasa, baraza la jadi la Wapokomo, anayeujua mto kuliko mhandisi yeyote, hana budi kungoja mtu amsimulie yaliyomo. Akisimuliwa na mwenye mradi, atasikia habari za ajira na barabara. Chumvi itakuja kutajwa baadaye, siku zikiwa zimekwisha.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba anayetaka kujenga au kuchimba katika ardhioevu ya Kenya anahitaji idhini ya maandishi na leseni kutoka NEMA, kibali cha maji pale anapotumia au kukausha maji, na ruhusa ya kaunti; kwamba fasili ya ardhioevu inajumuisha mahali pakavu panapofurika kwa msimu; na kwamba kipimo cha ukingo kinaleta utata mkubwa katika nchi tambarare. Zaidi ya yote, tumeonyesha kwamba masharti haya yametungwa ili mtu wa chini ya mto apate nafasi ya kusema kabla maji hayajaguswa.

Nafasi hiyo haina maana ikiwa swali linaulizwa kwa lugha asiyoimiliki. Vyama vyetu vya Kiswahili vimefanya kazi ya kupigiwa mfano katika istilahi za isimu na fasihi. Ni wakati mwafaka kuongeza kazi tatu ndogo zilizo ndani ya uwezo wetu: kusanifisha matumizi ya maneno idhini, leseni, kibali na ruhusa katika muktadha wa mazingira; kukusanya maneno ya wenyeji wa delta, kama malka, na kuyaingiza katika kamusi zetu; na kutafsiri muhtasari wa ripoti za tathmini pindi zinapotangazwa, wakati siku za kutoa maoni bado zinahesabika. Mwanafunzi mmoja wa tafsiri anaweza kuumaliza muhtasari wa kurasa kumi kwa juma moja. Kwa mkulima wa Ozi, juma hilo laweza kuwa tofauti kati ya kuulizwa na kuarifiwa.